Mjusi Aliyeachwa Nyanchwa

Chuo cha Polisi
9 Februari 2025

Kwako Mjomba Ishmael,

Nakusalimu kutoka kwenye baridi. Mimi ni mzima, isipokuwa nywele, ambazo zilikatwa siku ya kwanza zikafagiwa pamoja na za wenzangu. Msalimu Anti Ruth, kuku wake, na yule ng'ombe wenu mwenye kiburi. Mama akifika kutoka Keroka mwambie nakula vizuri na asitume kitu, maana kila kifurushi kinafunguliwa hapa. Barua nazo zinasomwa. Simu zetu makuruta zimefungiwa sandukuni hadi tuhitimu mwezi wa tisa, ndiyo sababu unauona mwandiko wangu baada ya miaka mingi.

Mjomba, nina jambo. Unamkumbuka Omogaka, mjusi wangu wa ndevu. Ulimwona Krismasi ukasema umewahi kumhoji diwani wa sura hiyo. Mimi nilimwita Omogaka, yaani mzee, kwa ajili ya zile ndevu tu. Mhadhiri niliyekuwa nikimfanyia usafi ndiye aliyeniachia alipohamishwa, pamoja na tangi lake la kioo, na kibali kikaandikwa jina langu. Mama alisema hawezi kulala nyumba moja na kitu kisichopepesa macho. Kwa hiyo nilimwacha Nyanchwa, chumbani kwa Jasper. Jasper huyo huyo ambaye wazazi wake walikuja kwetu Desemba wakanywa soda na kuongea mambo ya harusi. Aliahidi kumtunza. Nimemwandikia mara mbili na sijapata jibu.

Naomba upite umwone. Si lazima umguse. Hana mahitaji makubwa: taa ya kumpa joto mchana, majani, wadudu, maji. Wewe uliandikia gazeti maisha yako yote. Nenda uangalie, kisha uniandikie ulichokiona, bila kukipamba.

Kwa afande anayesoma barua hii: huyu ni mjusi kweli. Si fumbo.

Wako,
Nyanchoka


Nyamira
2 Machi 2025

Nyanchoka,

Barua yako imekaa njiani sana. Tuko wazima. Mama yako alipita hapa Jumatano na parachichi zilizomdodea Keroka, na sasa tunazila asubuhi, mchana na jioni. Mvua imeanza. Anti yako ameingiza vifaranga wapya bandani, na taa yao inawaka saa zote.

Leo nimekwenda Nyanchwa. Jasper hakuwepo. Mlango ulifunguliwa, nikaeleza nilichofuata, nikaonyeshwa.

Tangi lilikuwa bafuni, sakafuni, katikati ya ndoo na ukuta. Taa yake imeungua. Kisahani cha maji kilikuwa kikavu. Ndani kulikuwa na vipande vya mkate, ugali uliogeuka jiwe, na kombamwiko mmoja akitembea bila wasiwasi. Mjusi alikuwa amelala pembeni, rangi ya majivu ya jiko. Nilidhani amekufa. Nilipogonga kioo alifungua jicho moja, akanitazama, akalifumba.

Nilimtoa. Ulisema si lazima nimguse, lakini hakukuwa na mwingine wa kumtoa. Miguu ya nyuma inatetemeka na haimbebi. Taya la chini ni laini, ukilibonyeza linabonyea. Ngozi kuukuu imekwama vidoleni mwake kama pete zilizobana, na kidole kimoja cha mguu wa kulia ni cheusi. Ncha ya mkia imekauka. Kibali chako nilikikuta chini ya tangi, kimelowa lakini kinasomeka.

Nimemchukua. Sikuomba ruhusa na sikukatazwa. Nilimweka kwenye kikapu cha Anti yako cha sokoni, na chupa ya maji moto ubavuni mwake, nikamfunika kwa leso.

Anti yako alikuwa mlangoni.

"Hicho hakiingii jikoni mwangu," akasema.

"Sijataja jikoni. Nimefikiria banda la vifaranga. Kuna taa."

"Huko ndiko kabisa hakiingii."

Kisha akaifunua leso. "Mbona anatetemeka?"

"Ana baridi na ana njaa."

Aliondoka. Nilipofika bandani nilikuta amewasogeza vifaranga upande mmoja, na anafunga waya wa kuku katikati.

Tumempima kwenye mizani yake ya keki. Ni gramu mia mbili na kumi. Nimesoma kwamba wa urefu wake hufika mia nne. Sikuambii kwamba ataishi. Nakuambia kwamba saa hii ninapoandika anapumua, na yuko chini ya taa.

Mjomba wako,
Ishmael


Chuo cha Polisi
23 Machi 2025

Mjomba mpendwa,

Hamjambo huko kwenye parachichi? Hapa tunakula maharage, na kesho yake tunakula yaliyobaki. Nimejifunza kutandika kitanda mpaka shilingi iruke juu yake. Mguu wangu uliniuma baada ya mbio za porini lakini umepona, usimwambie Mama.

Nilisoma barua yako nikiwa nimesimama kwenye foleni ya chakula. Nililia, wakadhani nimefiwa. Ikabidi nieleze, na sasa bweni zima linamjua Omogaka. Hata afande wa barua aliponiita kuchukua bahasha aliniuliza, "Kuruta, huyu mjusi ni mkubwa kiasi gani?" Nikamwonyesha kwa mikono. Akasema, "Na anaishi kwa mkate?"

Mjomba, taa ya vifaranga ni nzuri, lakini anahitaji pia jua lenyewe, si la dirishani. Kioo hulichuja. Kila asubuhi yenye jua mtoe nje, ndani ya waya. Maji ya vuguvugu yatalegeza ile ngozi vidoleni, usiivute. Mwombe Anti msamaha kwa niaba yangu. Na mwombe asimchinje.

Kuna kitu kimoja. Mkate. Jasper hali mkate, unamletea kiungulia, hata chai yake huinywa kwa viazi vitamu. Hakuna mkate unaoingia chumba kile. Nani alikuwa akimpa mkate?

Wako,
Nyanchoka


Nyamira
13 Aprili 2025

Nyanchoka,

Sisi tuko salama. Mvua ni nyingi na chai inachipua kuliko mikono ya kuichuma. Mama yako ana mafua, si makubwa.

Taarifa ya mjusi ni hii.

Daktari wa mifugo, Onyiego, amekuja. Miaka yake yote ni ya ng'ombe, na alisema hivyo kabla sijamuuliza. Alimpigia simu mwenzake wa Nairobi hapo hapo bandani. Walikubaliana kwamba mifupa imelegea kwa kukosa jua na madini. Dawa aliyompa ni ile ile anayompa ng'ombe aliyeanguka baada ya kuzaa, ila amenipimia kwa matone. Nampa kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Anti yako anamshika kichwa. Mara ya kwanza alivaa glavu za kuchumia chai. Sasa hazivai.

Wiki ya kwanza hakula majani kabisa, na kosa lilikuwa letu. Unamjua Anti yako. Katika nyumba yake hakuna anayepewa mboga mbichi isipokuwa ng'ombe, na mgeni ndiyo kabisa. Alimchemshia mboga za chinsaga, akazitia maziwa, akazilaza usiku kucha ili uchungu utoke, akamletea kwenye kisahani cha maua. Mjusi alizitazama. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu Anti yako akasema, "Basi ana dharau." Onyiego alipoona kisahani aliuliza ni chakula cha nani, kisha akaondoka kwenda kucheka nyuma ya banda. Sasa anapewa zikiwa mbichi, zimekatwa nyembamba, pamoja na majani ya malenge. Anakula. Anti yako bado anaona si heshima.

Kumbikumbi walitoka Jumanne baada ya mvua. Nilimwekea kwenye ganda la kibuyu. Alinyanyua kichwa, ndevu zikawa nyeusi, akawamaliza.

Mzee Anyona wa kanisani alikuja kuona. Alisimama mbali na waya akasema, "Ruth, Mambo ya Walawi inamtaja huyu kwa jina. Ni katika vile vilivyokatazwa."

"Vilikatazwa kuliwa," Anti yako akamjibu. "Nani hapa amemla?"

Mzee Anyona alisema atalifikiria. Alikunywa chai, akarudi tena kumtazama kabla ya kwenda.

Uzito ni mia mbili na arobaini. Ngozi ya vidoleni imetoka, isipokuwa kwenye kile cheusi, ambacho kitaanguka chenyewe. Asubuhi zenye jua namtoa. Si nyingi.

Kuhusu mkate, nitakuandikia wakati mwingine.

Ishmael


Chuo cha Polisi
11 Mei 2025

Mjomba,

Nawasalimu wote. Mimi mzima.

Nikiwa darasa la saba ulinipa gazeti na kalamu nyekundu. Ulinifundisha kwamba habari isiyokuwa na nani, nini, wapi na lini ni uvumi, na ukanifanya nizungushie kila kimoja duara. Nimefanya hivyo kwa barua yako ya tarehe mbili Machi. Nini ipo. Wapi ipo, bafuni, kati ya ndoo na ukuta. Lini ipo.

Umeandika "mlango ulifunguliwa". Wewe, ambaye ulikuwa ukiwakaripia vijana wa gazetini kwa sentensi za namna hiyo.

Nani alikufungulia mlango?

Nyanchoka


Nyamira
25 Mei 2025

Nyanchoka,

Tuko wazima. Mama yako amepona mafua.

Nina mambo mawili, na naanza na la mjusi kwa sababu lilikuwa la haraka.

Mwanzoni mwa mwezi huu aliacha kula. Tumbo lilivimba pande zote mbili. Alikwaruza waya mchana kutwa, akaenda huku na huku, akachimba gazeti nililomtandikia hadi akafika kwenye mbao na kucha zikatoa damu. Kisha akalala ubavu. Anti yako alisema tumempoteza. Mimi nilidhani ni kumbikumbi, kwamba niliwalundika mno.

Onyiego alifika jioni, akampapasa tumbo kwa kidole kimoja muda mrefu. Akauliza, "Hapa kuna mjusi mwingine, dume?"

"Hakuna."

"Basi huyu mzee wenu ana mayai. Si ya kuangua, lakini lazima yatoke. Anatafuta udongo wa kuchimba na hamjampa. Mifupa ilivyo, akichelewa atakufa nayo."

Udongo uliokuwepo ni wa Anti yako, ule mwekundu aliouchekecha kwa ajili ya miche ya chai, umerundikwa chini ya turubai. Hakuna anayeruhusiwa kuugusa, hata kuku. Nilimwangalia. Alikwenda mwenyewe akaliondoa turubai, akaulowesha kidogo kwa mkono, akaushindilia. Tukaweka taa juu na mjusi chini yake.

Kwa muda hakufanya kitu. Kisha akaanza kuchimba kwa mikono ya mbele. Ile miguu yake ya nyuma ilikuwa ikimwangusha, naye anajiinua, anaendelea. Shimo likamfunika hadi mabegani. Akageuka, akabaki kichwa nje, ametutazama. Anti yako alisema tugeuke, si vizuri kumtazama mwenzako katika hali hiyo. Tuligeuka sote watatu, na Onyiego pia, tukatazama ukuta wa banda.

Mayai yalikuwa kumi na saba, meupe, laini. Kisha alifukia shimo na kulishindilia kwa kipaji cha uso. Alikuwa mwembamba kama siku niliyomtoa Nyanchwa. Sasa anakula tena. Anti yako anasema jina libaki Omogaka, kwa sababu ndevu anazo bado.

Jambo la pili ni swali lako. Nimeliandika na kulichana, sasa naliandika wazi.

Mlango ulifunguliwa na msichana aitwaye Sharon. Anaishi humo na Jasper. Ana mimba, na ilikuwa inaonekana. Yeye ndiye aliyempa mkate na ugali. Alisema anamwogopa mjusi, kwa hiyo alikuwa akivitupa kwa kijiko kutoka mlangoni kisha anakimbia. Hakuna aliyemwambia anakula nini. Tangi lilihamishiwa bafuni na Jasper, kwa sababu Sharon hakuweza kulala linapowaka taa, na baada ya taa kuungua hakuna aliyenunua nyingine. Nilipomwinua mjusi yule msichana alilia, akaniuliza kama atakufa, na kama atakufa watasema ni yeye. Nilimwambia sijui la kwanza, na la pili nitaandika nilichokiona.

Sikukuandikia. Nilihesabu kwamba una miezi ya mafunzo mbele yako na huna mtu wa kuzungumza naye. Mama yako hajui hadi sasa.

Ishmael


Nyamira
6 Julai 2025

Nyanchoka,

Sijapata barua yako mwezi wote wa Juni. Hii si ya kudai jibu.

Tuko wazima. Kumekuwa na baridi huku, ukungu hadi saa nne. Mama yako anauliza kama umeandika, nami namwambia posta ni posta.

Mjusi ana gramu mia tatu na kumi. Taya limekuwa gumu. Kile kidole kilianguka, nikakikuta kwenye udongo kama punje ya mtama. Anti yako amemwachia rundo zima la udongo na kuchekecha jingine kwa ajili ya miche.

Wiki jana mama yako alikuja. Unajua anavyomwogopa. Aliketi kwenye kigoda mbali kabisa, mkoba kifuani. Mjusi alikuwa juu ya jiwe akiota jua. Alimtazama mama yako, akainua mkono wake wa kulia taratibu, akauzungusha hewani, akaushusha. Hufanya hivyo mbele ya aliye mkubwa kuliko yeye. Mama yako akanigeukia.

"Ishmael, ananisalimia?"

"Ni desturi yao."

Alifikiri. Kisha akauweka mkoba chini. "Buya," akamwitikia. Mjusi akainua mkono tena. Walisalimiana hivyo mara kadhaa, na mama yako hakutaka yeye ndiye awe wa kwanza kuacha.

Hiyo ndiyo habari niliyonayo.

Ishmael


Chuo cha Polisi
3 Agosti 2025

Mjomba,

Salamu kwako na kwa Anti, na kwa Mama ambaye amemsalimia mjusi kabla ya kumsalimia mwalimu wangu wa hesabu, ambaye humpita barabarani hadi leo.

Barua yako ya Mei niliipata katikati ya Julai. Afande wa barua aliniita ofisini. Ilikuwa mezani, imefunguliwa kama kawaida.

"Kuruta, hii nimeikalia," akasema. "Nimengoja umalize mtihani wa shabaha. Singekupa bunduki na barua hii katika wiki moja."

Nikamwambia ndiyo, afande. Nikatoka. Nikaisoma nyuma ya ghala la magodoro.

Sasa nisikilize. Nilikasirika, lakini si kwa Jasper. Watu wazima wawili, wewe huko na afande huku, hamjawahi kuonana, mmeketi mkanipimia ukweli kwa matone. Omogaka alipewa dawa akiwa hawezi kusimama. Mimi nilikuwa nimesimama.

Mjomba, nilijua kuna mtu. Desemba, wazazi wa Jasper walipokuwa sebuleni kwetu, simu yake iliita mara nyingi na kila mara aliizima bila kuitazama. Nilikosa jina tu. Ningemtuma Mama na kikapu, angemleta mjusi, na njiani angeniombea. Nilikutuma wewe kwa sababu wewe huandika kilichoko chumbani. Nilitaka Omogaka apone, Mungu anajua. Na nilitaka kujua kama chumba kile bado kina nafasi yangu. Uliponiambia tangi liko bafuni nilijua nusu. Nusu nyingine niliisubiri tangu Machi.

Huyo Sharon mwambie mjusi hakufa. Asiitwe muuaji kwa ajili ya mkate. Jasper usimwambie chochote, nitamwambia mwenyewe nikiwa na sare.

Sijaacha mafunzo. Nilipita shabaha kwa alama za juu, wa pili katika kikosi.

Gwaride la kuhitimu ni Septemba ishirini na sita. Tumedokezwa vituo, na wengi wetu wanapelekwa upande wa Lodwar. Huko ni joto mwaka mzima na jua halina ukungu. Nimewaza kumchukua Omogaka. Nawe na Anti mtapumzika. Niandikie ukweli wote: anaweza kusafiri? Patamfaa?

Nyanchoka


Nyamira
24 Agosti 2025

Nyanchoka,

Umesema kweli kuhusu barua yangu ya Machi. Nimeisoma barua yako yote kwa Anti yako, pamoja na sehemu ya matone, akasema, "Umepata ulichostahili."

Nilikwenda Nyanchwa. Sharon amejifungua mtoto wa kike. Nilimwambia mjusi yu hai. Alinikaribisha chai. Jasper alikuwepo, tukasalimiana, hatukuongea zaidi.

Ulichouliza ni hiki.

Mjusi ana gramu mia tatu na sabini. Mifupa imekaza, lakini imekaza ilivyokuwa imepinda. Miguu ya nyuma haitanyooka, hilo Onyiego amenithibitishia. Akiwa juu ya jiwe na panzi akiruka, mara nyingi humkosa, hivyo lazima alishwe kwa mkono. Anaweza kutaga tena, na atahitaji udongo na mtu wa kugundua mapema. Anaweza kusafiri, akifungwa vizuri kwa siku moja.

Lodwar inamfaa kwa hali ya hewa. Asili yake ni nchi kavu ya Australia, na hapa kwetu tunapigana na ukungu nusu ya mwaka kwa taa ya vifaranga. Umeme ukikatika huwa tunamlaza karibu na jiko la makaa. Kwa upande wa pili, utakuwa askari mgeni kwenye nyumba za kituo, na zamu za usiku, na sijui kama wanaruhusu wanyama. Kibali ni chako. Anayejua zamu zako ni wewe.

Hiyo ndiyo hali. Maoni sina.

Ishmael


Chuo cha Polisi
7 Septemba 2025

Mjomba,

Mko salama? Mimi ni mzima, viatu vinang'aa hadi naona meno yangu.

Nimetafuta tena kalamu nyekundu. Barua yako ya Agosti ina uzito, ina mifupa, ina Lodwar, ina Australia, ina umeme kukatika. Lakini imekosa kile kile.

Akiondoka, nani atamkosa?

Nijibu kabla ya gwaride. Kama hakuna, nitakuja na kikapu. Kama yupo, nitakuja mikono mitupu, nimsalimie tu, na kibali tukakibadilishe jina.

Afande wa barua ameniambia kando kwamba naye anangoja jibu, na kwamba safari hii hataikalia.

Nyanchoka


Nyamira
14 Septemba 2025

Nyanchoka,

Sisi wazima. Mama yako ameshonesha rinda la gwaride, ni la kijani kibichi kabisa, na ameshaambiwa na hatalibadilisha.

Umeuliza nani. Ni mimi.

Anti yako atasema ni yeye, naye ana haki, lakini yeye ana kuku. Mimi ndiye ninayemtoa bandani asubuhi. Jua huchelewa kufika kwenye uzio, kwa hiyo hungoja begani mwangu, ameshika kola kwa vile vidole vilivyobaki. Nimezoea kusimama hapo.

Hilo halibadilishi hata neno moja la barua yangu ya Agosti. Lodwar bado kuna jua.

Tutakuja kwenye gwaride tukiwa watatu. Onyiego atakuja kumlisha siku hiyo, na Anti yako amemwonya kuhusu kucheka nyuma ya banda.

Kikapu unachokitaja ni cha Anti yako. Tangu asikie swali lako amekijaza mayai ya kuku, na anasema hakitoki.

Ishmael